Gari limegoma kuwaka asubuhi: shika mita kabla hujashika pochi

Mzee wa Mita (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Haipiti wiki bila uzi mpya hapa jukwaani: "gari langu limegoma kuwaka, nishaurini." Majibu nayo ni yale yale: nunua betri. Mtu ananunua, baada ya siku chache gari linagoma tena, anaambiwa stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Akibadilisha stata anaambiwa alteneta, ile inayochaji betri. Kalipia vitu vitatu, kumbe ugonjwa ulikuwa waya wa athi, ule wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, uliooza pale unapofungwa kwenye bodi. Leo tuzungumzie kupima, tena nyumbani, gari likiwa pale pale lilipolala.

Kifaa ni kimoja tu: mita ya dijitali, zile ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Bei yake haifiki hata robo ya betri mpya. Izungushe hadi volti za DC, kwenye alama ya 20. Ncha nyekundu chanya, nyeusi hasi. Ukizigeuza haiharibiki, itakuonyesha alama ya kutoa tu.

Ila kabla ya mita, masikio. Fungua swichi, tazama taa za dashibodi, halafu piga stata usikilize.

Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka na taa zinafifia kwa kila mpigo, umeme upo lakini hautoshi. Solenoidi, ile swichi ya umeme iliyo juu ya stata, inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo mshukiwa ni betri iliyoisha au teminali (vishikizo vya waya vinavyobana nguzo za betri) zisizoshika. Ukisikia "tak" moja nzito kisha kimya, na taa hata hazitikisiki, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Betri huenda haina kosa. Dashibodi ikiwa giza totoro, anza na teminali na fyuzi kuu. Taa zote zikiwaka safi lakini stata haitoi hata sauti, amri haifiki kwenye stata. Kwa gari la otomatiki sogeza gia hadi N ujaribu tena. Likiwaka kwenye N na kugoma kwenye P, swichi ya gia imechoka au inataka kurekebishwa. Lisipowaka, tafuta rilei ya stata (swichi ndogo ya umeme), mara nyingi imeandikwa ST kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, uibadilishane na rilei inayofanana nayo, kwa mfano ya honi, uone.

Na kama injini inazunguka kwa kasi yake ya siku zote ila haishiki moto, achana na betri. Achana na stata pia. Tatizo liko kwenye mafuta, moto wa plagi au ufunguo.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni asubuhi, kabla hujafungua hata mlango ikiwezekana. Gusa nguzo za betri zenyewe, usiguse teminali. Ikisoma 12.6 na kuendelea, betri imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa 12.0 au chini, imeisha, na hata kama leo italiwasha gari, kuiacha ikae hivyo ni kuiua, kwa sababu salfati inaganda kwenye sahani za risasi na haitoki tena. Usipime gari likiwa limetoka kuzimwa, betri itakuonyesha namba ya kujipamba. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa kwa dakika moja, zizime, subiri kidogo, ndipo upime.

Cha pili, mwenzako apige stata wewe ukitazama mita. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Kama ilikuwa 12.6 ikaporomoka hadi 8 au 7, hiyo betri ina volti lakini haina ampea, haijalishi ilinunuliwa lini.

Cha tatu, gari likishawaka: 13.8 hadi 14.5 kwenye nguzo za betri, magari mengi hukaa hapo. Ikibaki 12 na ushee, alteneta haichaji: tazama mkanda, plagi ya nyuma ya alteneta, fyuzi ya ALT. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imekufa, nayo itachemsha betri hadi maji yaishe.

Nimesema volti zinashuka wakati wa kupiga stata. Zisiposhuka kabisa, hiyo nayo ni habari kubwa. Tutaifikia.

---

Dereva Kimya

Naweka kambi hapa. Mzee, usiishie njiani kama ule uzi wa gia boksi.

---

SpanaNambaKumi

Mzee heshima yako, lakini haya mambo ya mita ni ya vitabuni. Sisi gereji, gari likishawaka tunavua teminali ya hasi. Likizima, alteneta imekufa. Likiendelea kunguruma, alteneta nzima. Sekunde tano umemaliza, mita ya nini?

---

Mzee wa Mita

SpanaNambaKumi, nakuheshimu kama fundi, ila hapo nakukatalia hadharani, na kila anayesoma uzi huu atoke na hili hata akisahau mengine yote.

Kipimo hicho kilizaliwa enzi za magari ya kabureta na platinamu. Yale hayakuwa na kompyuta ya kuungua. Gari la leo, hata Vitz ya bei ya chini kabisa, lina kompyuta ya injini, na mengi yana nyingine za breki, mifuko ya hewa na usukani wa umeme. Betri, pamoja na kazi ya kuwasha, inameza mishtuko ya volti. Ukiivua ghafla wakati alteneta inasukuma ampea nyingi, zile ampea zinakosa pa kwenda na volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo sana, zinaweza kufika makumi. Kitambo hicho kinatosha kuchoma dayodi za alteneta yenyewe au kompyuta. Gari linakuja na alteneta nzima linaondoka na alteneta mbovu, na mteja hana namna ya kujua.

Halafu hata kama halikuungua kitu, jibu lenyewe ni nusu. Alteneta yenye dayodi moja mbovu inaweza kuendelea kuliwasha gari ukiivua betri, wakati inachaji chini ya kiwango na kunyonya betri usiku. Mita ingekuambia.

---

SpanaNambaKumi

Sawa mzee, nimekusoma. Lakini mteja akiona unapima pima anadhani hujui kazi 😂

---

Kipara wa Noah

Shikamoo mzee. Mimi nina Noah ya zamani, ile SR40, injini 3S. Tatizo lake ndiyo hiyo "tak" moja. Wakati mwingine napiga mara nne, ya tano inawaka kama kawaida. Wakati mwingine hadi nizime swichi nisubiri. Betri ni mpya, haina hata miezi mitatu. Fundi ananiambia nitafute stata ya mtumba, nikaulizia kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikakuta bei inaumiza. Taa hazifii wala nini. Nifanyeje kabla sijatoa hela?

---

Mzee wa Mita

Marahaba kijana. Usitoe hela bado. Nipe namba hizi nne, mtu akiwa ameshikilia ufunguo kwenye START na gari likiwa limegoma, siyo likiwa limekubali. Gari liwe P, breki ya mkono juu, na mikono yako mbali na feni na mikanda.

1. Volti za betri kwenye nguzo zake wakati wa "tak".
2. Ncha nyekundu kwenye chuma tupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri. Huo ni upotevu wa athi.
3. Waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi ya stata, kupima na chuma cha injini. Ndio unaobeba amri ya ufunguo.
4. Kwenye stata kuna boliti mbili kubwa: moja inapokea waya mnene kutoka betri, nyingine inaingia kwenye mota. Ncha moja hapa, nyingine pale.

Cha pili nieleze kidogo, maana ndicho watu hawakijui. Umeme unaotoka kwenye chanya lazima urudi kwenye hasi, na njia ya kurudi ni waya wa athi kutoka kwenye injini na bodi. Stata inavuta ampea mia na zaidi. Kwa mzigo huo, hata kutu kidogo chini ya boliti ya athi inakula volti. Kwenye njia ya kurudi usikubali zaidi ya 0.2 hivi, kwenye waya wa chanya zikizidi 0.5 waya au viungo vyake vimechoka. Kupima athi kwa ule mlio wa mita wa kuonyesha waya haujakatika hakufai, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi tatu nao utalia vizuri kabisa. Athi inapimwa ikiwa na mzigo.

---

Mluguru wa Bondeni

Naomba niongezee hapo kwenye athi. Jirani yangu alishusha injini kubadilisha klachi. Gari liliporudi likawa zito kuwaka, na waya wa mafuta, ule wa pedali, ukawa wa moto hadi plastiki yake inatoa moshi. Kila mtu anashangaa waya wa mafuta na umeme wapi na wapi. Kumbe walisahau kurudisha mkanda wa athi kati ya injini na bodi, umeme wa stata ukawa unajitafutia njia nyingine ya kurudia. Ikiwa gari lako lilianza vituko baada ya kushushwa injini au gia boksi, anzieni hapo.

---

Bint Chumbageni

Mimi sina gari la maana, nina Passo yangu tu ya kwenda kazini hapa Tanga. Lakini kila baada ya muda teminali zinaota unga wa kijani na mweupe, na asubuhi gari linakuwa zito. Fundi anamwagia maji ya moto, linakaa sawa, halafu linarudia. Ni hewa ya bahari au betri yangu ina tatizo? Na naweza kusafisha mwenyewe bila kupigwa shoti?

---

Mzee wa Mita

Dada, volti 12 haziwezi kukupiga shoti mwilini, ondoa hofu. Kinachoumiza ni vitu vitatu: tindikali, spana inayogusa chanya na bodi kwa pamoja, na cheche karibu na betri. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni na cheche hazikai nyumba moja. Kwa hiyo vua pete, bangili na saa, vaa glavu na miwani, na asivute mtu sigara hapo.

Hewa ya chumvi inachangia, lakini unga mwingi hivyo mara nyingi unatokana na mvuke wa tindikali unaopenya kwenye shina la nguzo, au betri inayochajiwa kupita kiasi. Kwa hiyo pima pia volti za kuchaji gari likiwa linanguruma. Ikiwa 14.2 basi tulia, safisha tu.

Vua hasi kwanza, halafu chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu yake: hasi ikiwa imeshatoka, hata spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya hakuna cheche. Changanya soda ya kuokea na maji ya uvuguvugu, paka, itatoa povu, subiri povu likome, suuza. Hakikisha vizibo vya betri vimefungwa, soda isiingie ndani. Kisha sugua nguzo na upande wa NDANI wa teminali kwa msasa hadi ung'ae. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanasafisha nje panapoonekana wakati umeme unapita ndani. Kaza, halafu paka grisi au vaselini juu, baada ya kukaza. Ukipaka kabla, unaweza kuwa unaweka grisi katikati ya risasi na risasi.

Ukimaliza jaribu kuzungusha teminali kwa mkono. Ikizunguka, haijashika. Na nikikuta msumari au kipande cha bati kimechomekwa kujaza nafasi naomba ukitoe. Betri za Kijapani zina nguzo nyembamba na nene. Kwa mfano 46B24L ina nyembamba, 46B24LS ina nene. Mtu akiuziwa isiyo yake, fundi anaziba pengo na msumari, na huo msumari ndio unaoleta "betri mbovu" baada ya mwezi. Ile 24 ni urefu wa betri kwa sentimita, takriban. Herufi L na R zinahusu upande zilipo chanya na hasi. Ukibeba ya kinyume waya hazitafika, au mbaya zaidi zitafika na mtu atazigeuza.

---

Bint Chumbageni

Asante sana baba, nilikuwa naogopa hata kuifungua boneti. Na kuongeza maji?

---

Mzee wa Mita

Kama ina vizibo vya kufungua, ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled) tu hadi mstari wa juu. Ya bomba hapana, ya chupa ya kunywa hapana, na ya tindikali hapana kabisa. Kinachokauka kwa joto ni maji, tindikali inabaki. Ukiongeza tindikali unazidisha ukali na sahani zinaliwa. Wauzaji wengine wana chupa zote mbili kaunta moja, soma lebo.

---

Fielder ya Nairobi

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, shida yangu ilikuwa tofauti. Gari ikilala usiku mmoja, inawaka. Ikilala kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, imekufa. Betri ilibadilishwa, alteneta ikapimwa iko sawa. Kumbe kuna kitu kilikuwa kinanyonya usiku.

Nilivyoipata: zima kila kitu, fungua boneti, funga milango yote na uweke ufunguo mbali. Subiri kama nusu saa, kompyuta za gari zilale. Toa teminali ya hasi, hamisha waya mwekundu wa mita hadi tundu la 10A, weka mita katikati ya nguzo ya hasi na ile teminali. Ukishaunganisha subiri tena, kwa sababu kompyuta zinaamka ukigusa. Chini ya miliampea 50 ni kawaida, saa na alamu zinakula kidogo. Yangu ilikuwa inasoma zaidi ya 300. Pigeni hesabu: 0.3 mara saa 24 ni ampea-saa 7 na zaidi kwa siku, na betri yenyewe ni ya 45. Siku tatu imeisha karibu nusu.

Halafu unatoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Nilipotoa ya DOME namba ikaanguka. Hiyo laini inalisha taa ya ndani, kumbukumbu ya redio, na kwangu mtu alikuwa amepachika alamu na traka juu yake. Waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa gundi ya utepe, zimekaa chini ya dashibodi kama kiota cha ndege. Alamu ilikuwa haifanyi kazi miaka yote, lakini kula inakula. Nikaitoa, ikabaki miliampea 28.

---

Mzee wa Mita

Kazi safi sana ndugu yangu. Nyongeza mbili tu. Mita ikiwa imekaa hivyo, usipige stata wala usiwashe taa kubwa. Kwenye mita za bei ya chini tundu la 10A mara nyingi halina fyuzi ndani, itaungua mkononi. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti siku hiyo hiyo. Mtu akisahau, kesho akienda kupima volti za betri anatengeneza shoti.

Pili, kuna njia isiyohitaji kuvua fyuzi. Mgongoni mwa fyuzi nyingi kuna vidoto viwili vya chuma. Weka mita kwenye milivolti, gusa vidoto vyote viwili. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayosoma chochote ina umeme unaopita. Hivyo huamshi kompyuta.

Ukishatoa fyuzi zote na bado namba iko juu, shuku dayodi za alteneta. Alteneta imeunganishwa na betri kwa waya mnene usiopita kwenye fyuzi za ndani. Tenga betri, fungua huo waya nyuma ya alteneta, uufunge gundi ya utepe usiguse kitu, unganisha, pima tena.

---

Dereva Kimya

Mimi swali la kizembe. Fyuzi ikikatika njiani naweza kuweka karatasi ya fedha ya sigara nifike nyumbani? Nimeona makondakta wanafanya.

---

SpanaNambaKumi

Hapo hata mimi wa gereji nakataa. Fyuzi ikikatika imekuokoa. Ukiweka karatasi, kitakachokatika ni waya, na waya zinapita chini ya zulia na viti. Nunua pakiti ya fyuzi za rangi uweke kwenye droo: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukiweka rangi ile ile ikakatika tena, kuna shoti mahali, usipandishe ampea.

---

Mama Probox

Jamani na kushtua, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari lingine? Juzi kijana wa stendi kaja na lori anataka kushtua Probox yangu nikamfukuza, sijui nilimwonea.

---

Mzee wa Mita

Hukumwonea mama. Malori mengi ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Ukiunganisha na gari dogo unakaribisha moshi kwenye kompyuta. Shtua 12 kwa 12.

Mpangilio: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya nzima. Mweusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho wake kwenye chuma cha injini cha gari lililokufa, mbali na betri. Cheche ya mwisho lazima itokee, afadhali itokee mbali na haidrojeni. Acha gari zima lingurume dakika kadhaa ndipo upige stata. Kutoa ni kinyume chake. Nyaya nyembamba zile zinazouzwa kwenye foleni zinapata moto bila kuwasha kitu, kwa hiyo tazama unene wa shaba, plastiki inadanganya.

Kusukuma kunafaa gari la klachi tu. La otomatiki mtasukuma hadi Chalinze.

Na likishawaka, msitegemee mzunguko wa dukani na kurudi kujaza betri iliyoisha kabisa. Ipelekwe ikachajiwe taratibu, kama sehemu moja ya kumi ya ampea-saa zake. Betri ya 45 ipewe 4 au 5. Mwenye mashine anayekuahidi kuijaza kwa nusu saa anaichemsha.

---

Mgeni wa Makambako

Mzee umesema inazunguka vizuri haiwaki tuachane na betri, ukapita haraka. Mimi ndiko niliko. Allion, baridi ya huku asubuhi inawaka vizuri, ila nikisafiri nikasimama kula, nikirudi inazunguka tu. Ikipoa nusu saa inawaka.

---

Mzee wa Mita

Nilipita haraka kwa sababu huko ni uzi mwingine, lakini dalili yako inajulikana. Inagoma ikiwa moto, inakubali ikipoa: sensa ya mzunguko wa kranki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ni mshukiwa wa kwanza, koili yake ndani hukatika ikipata joto na kurudi ikipoa. Kabla ya kuinunua, siku likigoma fungua swichi bila kupiga stata na usikilize upande wa kiti cha nyuma, pampu ya mafuta inaunguruma sekunde mbili hivi kwenye magari mengi. Kuna yasiyoinguruma hadi stata ipigwe, basi mwenzako apige wewe usikilize. Tazama pia alama ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikimetameta mfululizo ukiwa umefungua swichi, gari halijautambua ufunguo. Na ukiwa na kale kasomaji ka misimbo ka kuchomeka chini ya usukani, soma mizunguko ya injini wakati unapiga stata. Ikibaki sifuri wakati injini inazunguka, sensa haisemi, au waya wake umekatika.

---

Kipara wa Noah

Mzee nimerudi na namba. Asubuhi betri 12.65. Wakati wa "tak": 12.5. Injini hadi hasi: 0.02. Waya mwembamba: 11.8. Boliti mbili kubwa za stata: 12.4. Nilipima mara kadhaa, zinarudi zile zile likigoma. Likikubali, ile ya boliti mbili inasoma 0.1.

---

Mzee wa Mita

Wakuu, hii ndiyo ile habari niliyosema tutaifikia. Betri haikushuka, maana yake hakuna ampea iliyotoka. Amri ya ufunguo imefika, 11.8, na solenoidi imevuta, ndiyo "tak". Athi inaonekana safi kwa 0.02, lakini usiisifu bado, maana pasipopita ampea hakuna upotevu wa kupima. Kinachomaliza kesi ni namba ya mwisho. Solenoidi ikishavuta, zile boliti mbili zinatakiwa kuwa kitu kimoja, mita isome karibu na sifuri. Inasoma 12.4. Volti zote za betri zimekwama hapo katikati.

Ndani ya stata ya Denso ya aina hiyo kuna vipande viwili vya shaba na pistoni yenye sahani ya shaba inayoviunganisha. Kila ukiwasha vinapigwa cheche na kuliwa kidogo. Miaka ikipita sahani inagusa kimoja, kingine haikifikii. Stata yako nzima, mota nzima, betri nzima. Vimekwisha vipande viwili vya shaba.

Tenga hasi ya betri, shusha stata. Kifuniko cha solenoidi kina boliti tatu. Kabla ya kukivuta, weka alama kilivyokaa na chunga springi na pistoni visiruke. Nenda dukani na zile shaba mkononi, usiende na jina la gari tu, maana upande wa betri na upande wa mota havilingani, na stata za nguvu tofauti zina shaba tofauti.

---

Kipara wa Noah

Nimefungua. Upande wa betri umeliwa hadi umebaki kama ukucha, ule mwingine bado mnene. Fundi mmoja hapa anasema niusugue kwa tupa tu ule mnene zilingane, nisinunue.

---

SpanaNambaKumi

Ukisugua utawasha wiki mbili halafu utalala njiani Mikese. Badilisha zote mbili, na tazama sahani ya pistoni, ikiwa na shimo ibadilishe pia au igeuze kama muundo unaruhusu. Ukiwa umeshafika hapo angalia na kaboni za mota, zikiwa fupi fanya kazi moja.

---

Mzee wa Mita

Nakubaliana na Spana kwa kila neno. Ukirudishia, kaza nati za shaba zisizunguke lakini usilazimishe, vizuia umeme vya ndani ni plastiki. Kabla ya kuipandisha hakikisha sahani inagusa shaba zote mbili kwa pamoja ukiisukuma kwa kidole. Hasi ya betri mwisho. Ikishawaka rudia kile kipimo cha pili, injini hadi hasi, sasa kukiwa na mzigo wa kweli, utuletee namba. Ikizidi 0.2 tunahamia kwenye waya wa athi.